Ngazija kwa baiskeli: usihesabu kilomita, hesabu mlima na maji



Vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Malindi wanaotoka na baiskeli zao Jumapili baada ya swala ya alfajiri wana swali moja wanalonifuatia nalo tangu niliporudi Komoro. Je, Ngazija yazungukika kwa baiskeli? Mimi nilikizunguka kisiwa hicho kwa siku nane, mizigo ikiwa nyuma kwenye keria, na jibu langu ni ndiyo. Lakini nikiwasikiliza wanavyopanga, naingiwa na wasiwasi. Hufungua ramani kwenye simu, wakaona kisiwa kina urefu wa kama kilomita 60 tu, wakasema: hii si ni Mombasa hadi Kilifi? Asubuhi moja tumemaliza!

Hapo ndipo nataka tuelewane. Kisiwa cha volkano hakipimwi kwa kilomita. Chapimwa kwa mlima na kwa maji. Na katika hivyo viwili, maji ndiyo yanayogusa haki za watu wengine.

Tuanze na mlima. Ngazija ndicho kisiwa kichanga zaidi katika visiwa vya Komoro, na kimejengwa na milima miwili iliyotoka chini ya bahari. Kaskazini kuna La Grille, unaopita mita 1,000 kidogo. Kusini kuna Karthala, wenye mita 2,361, na huo bado u hai. Mwaka 1977 moto wake ulishuka hadi kijiji cha Singani ukazika nyumba. Ulilipuka tena 2005, 2006 na 2007. Barabara kuu imezunguka kisiwa karibu na bahari, na barabara nyingine hukata katikati, kwenye uwanda wa Diboini ulio baina ya milima hiyo miwili.

Sisi watu wa mwambao tumezoea kuwa barabara ya pwani ni tambarare. Ngazija si hivyo. Ile lava iliyomiminika zamani kwenda baharini iliganda kwa matuta, tuta baada ya tuta, na barabara huyapanda na kuyashuka moja moja. Unamaliza moja, unapumua, unaona jingine.

Sasa fanya hesabu. Chukua mwendeshaji, baiskeli, nguo, vifaa na maji: vyote pamoja ni kama kilo 100. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi aweza kutoa nguvu ya wati kama 120 kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Kwa nguvu hiyo na mzigo huo, atapanda kwenda juu kama mita 400 kwa saa, si zaidi. Kwa hivyo mwinamo wa kilomita nane unaokupandisha mita 500 utakula saa moja na robo, na njia ya urefu huo huo kwenye tambarare yetu ungeimaliza kwa nusu saa. Ndiyo maana nilikuwa na siku za kilomita 30 ambazo jioni yake sikutaka hata kusimama.

Kwa hiyo gia ni jambo la kwanza. Baiskeli zetu za kubebea mizigo, zile tunazoziita Black Mamba, hazina gia. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu huzunguka zaidi ya mara mbili. Kwenye mlima hiyo ni kusukuma kwa miguu. Unahitaji gia nyepesi ambayo meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma, mfano 26 mbele na 34 nyuma. Hapo kila mzunguko wa pedeli wazungusha gurudumu kama robo tatu tu. Utakwenda polepole kama mtu atembeaye, lakini utafika juu umekaa kitini.

Jambo la pili ni breki, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Kila mita uliyopanda utaishuka, na breki haziui mwendo bure, huugeuza kuwa joto. Ukishuka mita 500 na mzigo ule wa kilo 100, breki zikiwa zimeshikwa njia nzima, joto linalotoka latosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Joto hilo lote liko kwenye rimu au kwenye diski. Rimu ikipata moto sana tyubu hupasuka, na ikipasuka kwenye kona, kushoto kwako ni bonde na mbele yako ni teksi inayopanda. Shika breki kwa nguvu kidogo halafu achia, shika halafu achia, mbele na nyuma kwa zamu, na usimame ukihisi harufu ya kuungua. Badilisha mipira ya breki hapa nyumbani kabla ya kusafiri, na uchukue ya akiba, pamoja na tyubu, spoki na cheni. Tena kumbuka, Komoro magari hupita mkono wa kulia. Hatari kubwa huwa asubuhi, unapotoka mahali ulipolala na akili bado iko Kenya.

Kuhusu njia, upepo ndio wa kukuongoza. Msimu wa kusi, upepo hutoka kusini na kusini-mashariki kama kwetu. Kwa hiyo toka Moroni uelekee kusini kwanza, kupitia Iconi na Singani, ambako Karthala hukukinga na upepo. Fika Foumbouni, kisha panda pwani ya mashariki kwenda kaskazini, upepo ukikusukuma mgongoni hadi Chomoni, ambako mchanga mweupe umekaa katikati ya mawe meusi ya lava. Endelea hadi lile ziwa la chumvi karibu na Bangoi-Kouni, lililokaa ndani ya shimo la volkano kando ya bahari, kisha Mitsamiouli, na urudi Moroni kwa kupitia Hahaya na Itsandra. Mwenye nguvu za ziada aweza kupanda kutoka Chomoni kupitia Koimbani hadi Diboini. Karthala yenyewe si ya baiskeli. Unaiacha baiskeli chini, kwa mfano Mvouni, unapanda kwa miguu na mtu anayeijua njia.

Pale Itsandra simama kidogo. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait mwaka 1861, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Unguja. Na Habib Swaleh, ambaye Riyadha ya Lamu ni kazi yake, asili yake pia ni Ngazija. Hatuendi ugenini kabisa. Lugha yao ukiituliza masikio utashika nusu, ingawa usishangae ukimpa mtu kitu akakujibu "marahaba". Kwao hiyo ni asante.

Sasa nije kwenye maji.

Ngazija hupata mvua nyingi sana, hasa upande wa magharibi wa Karthala, lakini haina hata mto mmoja wa kudumu. Sababu ni ule uchanga wake. Mawe ya lava yana matundu na nyufa, mvua ikinyesha hunywewa na ardhi hapo hapo na kwenda zake chini hadi baharini. Moroni wana maji ya bomba yanayovutwa kutoka visimani, lakini vijijini watu wengi huishi kwa maji ya mvua yanayokingwa mapaani na kuwekwa kwenye mabirika. Watu wa Ndau na Kizingitini wataelewa haraka, maana ndiyo habari ya jabia. Na hata hayo ya birika yana hatari yake: mlipuko wa Novemba 2005 ulimwaga majivu juu ya vijiji na kuyachafua maji waliyokuwa wameyaweka.

Sasa tazama hesabu inavyogeuka. Msimu mzuri wa baiskeli ni kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa imepoa na barabara ni kavu. Kaskazi ni joto na mvua kubwa, na wakati mwingine kimbunga, kama Kenneth cha Aprili 2019. Lakini miezi mizuri kwa mgeni ndiyo miezi ambayo birika la mwenyeji linashuka. Na Julai na Agosti ndiyo majira ya harusi kubwa, jamaa wanarudi kutoka Ufaransa, kila nyumba ina wageni. Unapobisha hodi na chupa tupu, unabisha wakati maji ni kidogo na midomo ni mingi.

Katika kijiji kimoja cha kusini niliomba maji kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele. Alifunua birika, akashusha ndoo kwa kamba, na nikaiona kamba ikienda, ikienda. Aliponijazia chupa ya kwanza akanyoosha mkono achukue ya pili. Nikamwambia, "Bibi, hii yatosha." Akasema, "Lete, mwanangu. Mgeni hanyimwi maji." Nikamuuliza mvua waitarajia lini. Akacheka, akaniambia, "Mola akipenda, baada ya miezi miwili."

Watu wale hawatakunyima, na kwa kuwa hawatakunyima, ni juu yako kutoomba ovyo. Hilo ndilo ninalotaka kundi lolote la vijana kumi au kumi na tano lilifikirie kabla ya kukata tikiti. Mtu mmoja akinywa lita tano kwa siku, na kwa jua na mlima huo atazinywa, kundi la watu kumi na tano ni lita 75 kila siku, za kunywa tu. Hizo si za kuchotwa kwenye birika la bibi.

Kwa hiyo nendeni watu wachache, watatu au wanne. Beba uwezo wa kuchukua lita nne hadi tano kila mmoja, na nunua maji ya chupa mjini kabla ya kutoka. Ukipewa ya birika, yachuje au yachemshe, na uyanywe, usiyaogee wala usiyaoshee baiskeli. Baiskeli ifute kwa kitambaa. Ukiingia msikitini, tawadha kwa kiasi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita. Kama wewe ni msafiri unayekusanya swala, udhu mmoja usiotenguka wakutosha kwa swala zote mbili. Na usimlipe bibi pesa mkononi kama muuza duka. Nunua mchele au sukari dukani, upeleke nyumbani kama zawadi.

Mwisho, mazoezi. Usiende Ngazija kwa miguu ya barabara ya Malindi. Pakia baiskeli yako mizigo yote utakayochukua, pamoja na maji, upande kutoka Kombani hadi Kwale. Ukiweza, nenda ukapande kutoka Mwatate hadi Wundanyi, halafu ushuke bila kuunguza breki. Fanya hivyo siku mbili mfululizo. Ukimaliza siku ya pili ukiwa na hamu ya siku ya tatu, basi tafuta tikiti, na Mola akujaalie safari ya salama.