Kihisi cha Sukari na Asilimia Inayoficha Makosa Yake

Kihisi cha sukari, ambacho mwenye kisukari hukibandika nyuma ya mkono au tumboni na kukivaa kwa siku 10 hadi 15, hakipimi sukari iliyomo katika damu, ingawa tarakimu zinazojitokeza kwenye simu husomwa kana kwamba zimetoka huko. Kiwaya chake chembamba hupenya milimita chache chini ya ngozi na kukaa katika majimaji yanayozizunguka seli. Humo, katika vihisi vingi, kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi huivunja glukosi na kusababisha mkondo hafifu wa umeme, ambao programu huugeuza kuwa kiwango cha sukari. Msingi wa mbinu hii uliwekwa na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani mwaka 1962.

Kwa kuwa glukosi hupita kwanza katika damu ndipo iyafikie majimaji hayo, kihisi huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15 hivi. Sukari ikiwa imetulia, pengo hilo halidhuru. Lakini mtu anapofanya kazi nzito baada ya kujidunga insulini, damu inaweza kuwa imekwisha kuishiwa sukari ilhali kihisi bado kinaonyesha usalama.

Watengenezaji huutangaza usahihi kwa tarakimu moja tu ya asilimia, yaani wastani wa tofauti kati ya kipimo cha kihisi na kipimo cha damu iliyochukuliwa wakati uleule. Vihisi bora vya sasa hupata takriban asilimia 8 hadi 10, na hayo ni mafanikio makubwa, ila wastani hausemi kosa limeangukia wapi. Kihisi kikizidisha kwa asilimia 20, sukari ya milimoli 15 kwa lita husomeka 18, na mgonjwa bado anajua kwamba iko juu, lakini 3.5, ambayo tayari ni hatari kwa kuwa iko chini ya kikomo cha 3.9, husomeka 4.2, na mgonjwa anayepaswa kunywa kitu chenye sukari mara moja huendelea na shughuli zake. Kwa hiyo swali la haki kwa muuzaji ni jinsi kihisi kinavyofanya kazi sukari inaposhuka.

Saa 24 za kwanza nazo huwa na makosa zaidi, na katika baadhi ya vihisi parasetamoli au vitamini C nyingi hupandisha vipimo isivyo kweli. Kosa la kinyume hutokea usingizini: mtoto akiulalia mkono wenye kihisi, majimaji chini yake hubanwa, tarakimu huporomoka na kengele hulia, kisha mzazi huamka kukoroga maji ya sukari, ilhali tone la damu ya kidoleni lingeonyesha kwamba sukari haikushuka na kwamba mtoto alihitaji kugeuzwa ubavu tu.