Mtoto akizaliwa kabla ya wakati: tukamue maziwa ao tununue kopo?

Swali hili linarudi katika mikutano yetu kila mara binti, dada ao jirani anapojifungua kwenye mwezi wa saba ao wa nane. Mtoto ni mdogo sana, amewekwa katika kuvezi, hana nguvu ya kunyonya. Hapo jamaa wote wanaanza kutoa mashauri. Mmoja anasema: «Nunua kopo, mtoto asife na njaa.» Mwingine anasema: «Maziwa yako hayajakomaa, kwa sababu mimba haikufika mwisho.» Baba wa mtoto anahesabu franka zilizobaki mfukoni. Na mama mwenyewe, ambaye angali na maumivu na hajalala tangu siku mbili, anaambiwa achague.

Juma hili tunataka kulijibu swali hilo kwa utulivu. Na tuseme mara moja: jambo hili halikatwi kwenye duka la dawa. Linakatwa katika siku za kwanza baada ya kuzaa, kufuatana na kama mama amepata maji, chakula, nafasi na saa za kukamua. Ndiyo maana si shauri la mama peke yake. Ni shauri la jamaa, na ni shauri la kundi letu.

Kwa nini maziwa ya mama yanatangulia

Mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati kama mimba haijafika majuma 37. Wengi waliozaliwa mbele ya majuma 32 ao 34 hawajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Kwa hiyo wanalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani ao mdomoni, kisha kwa kikombe kidogo, mpaka wapate nguvu ya kushika titi.

Maziwa ya mama aliyezaa mapema si maziwa mabichi. Katika majuma ya kwanza yanakuwa na protini nyingi kuliko ya mama aliyezaa kwa wakati, kama vile mwili unajua kwamba mtoto ana haraka ya kukua. Maziwa ya kwanza kabisa, yale mazito ya rangi ya manjano ambayo bibi zetu wengine waliyamwaga, yana kinga nyingi. Hata matone kumi yana faida. Tusiyamwage.

Hatari kubwa ya mtoto huyu ni matumbo yake. Ngozi ya ndani ya matumbo ni laini, na inaweza kuvimba na kuoza. Mwaka 1990, watafiti wa Uingereza Alan Lucas na Cole walieleza katika gazeti la Lancet namna walivyofuata watoto 926 waliozaliwa kabla ya wakati. Ugonjwa huo uliwapata watoto waliolishwa maziwa ya kopo tu mara 6 mpaka 10 zaidi kuliko wale waliolishwa maziwa ya mama tu. Na hiyo ilikuwa katika hospitali zenye maji safi na umeme wa saa zote. Sisi tunaochota maji kwa bidoni na kungojea umeme urudi, tujihesabie wenyewe.

Ndiyo sababu OMS, katika mashauri iliyotoa mwaka 2022 juu ya watoto hawa, inaweka maziwa ya mama mwenyewe mahali pa kwanza.

Namna ya kukamua

Kazi inaanza mapema, kama inawezekana katika saa za kwanza baada ya kuzaa. Titi linafanya kazi kama duka: likiona wanunuzi linaleta bidhaa, lisipoona mtu linafunga. Kwa hiyo mama akamue mara 8 ao zaidi kwa siku, usiku na mchana, asipitishe saa nyingi bila kukamua. Usiku usiachwe, kwani ndipo mwili unatengeneza maziwa vizuri.

Mkono unatosha. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Weka dole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ncha, karibu na ukingo wa ile sehemu nyeusi. Sukuma kwanza kuelekea kifua, kisha bana vidole pamoja, kisha acha. Usikokote vidole juu ya ngozi. Rudia, ukizunguka titi lote, halafu badilisha upande. Kwa jumla ni dakika 20 mpaka 30. Siku mbili za kwanza yanatoka matone. Hilo ni jambo la kawaida, na mtoto wa grama 1500 naye anapewa mililita chache tu kwa kila mlo.

Pompa inasaidia pale ambapo iko na inaoshwa vizuri. Lakini ile ndogo yenye mpira wa kubonyeza ni ngumu kusafisha ndani, na uchafu unabaki pale. Ni afadhali mkono safi kuliko pompa chafu.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 nje, mahali pa baridi na yaliyofunikwa, na siku 4 katika frigo inayofanya kazi kweli. Umeme ukikatika mara kwa mara, usitegemee frigo: kamua na upeleke. Andika kwenye chombo jina na saa.

Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kunaleta maziwa pia. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, na Dokta Edgar Rey, kwa sababu kuvezi hazikutosha na watoto walikuwa wanakufa. Leo OMS inashauri mtoto abebwe hivyo saa 8 mpaka 24 kwa siku. Baba anaweza kubeba, bibi pia, wakati mama anapumzika.

Mtoto anapopungua uzito

Hapa ndipo wamama wengi wanavunjika moyo. Siku za kwanza mtoto anaweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha anaurudisha kwa karibu majuma mawili. Jamaa wakiona grama zinashuka wanasema: «Tulikuambia, maziwa yako hayana nguvu.» Mama anaingiwa na woga, analia, anaacha kukamua usiku, na kweli maziwa yanapungua. Maneno yenyewe yamekausha titi.

Tuache wauguzi wasome mizani. Kwa mtoto mdogo sana, dokta anaweza kuongeza unga maalumu ndani ya maziwa ya mama. Hiyo haimaanishi kwamba maziwa ni mabaya. Ni sawa na kuongeza karanga katika sombe.

Wakati kopo linahitajika

Kuna wamama waliofariki wakati wa kuzaa. Kuna wanaougua sana, ao wanaokunywa dawa zisizopatana na kunyonyesha. Kuna wanaokamua kwa bidii zote na maziwa hayatoshi. Kwa watoto hao, maziwa ya kopo ni dawa, na mama anayeyatoa si mama mbaya. Mtu asimnyoshee kidole. Lakini hapo tufuate mambo haya:

Dokta ndiye aseme ni kopo gani. Kuna maziwa ya kopo ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Maziwa ya unga tunayotia katika chai si ya mtoto mchanga hata kidogo, wala maziwa ya ng'ombe.

Unga wa kopo hauna usafi kamili, hata kama kopo limefungwa. Kwa hiyo unachanganywa na maji yaliyochemka ambayo hayajapoa zaidi ya nusu saa, kisha ndipo maziwa yanapozwa kabla ya kumpa mtoto. Yanayobaki baada ya saa 2 yanamwagwa.

Kipimo kinafuata maandishi ya kopo. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto chakula huku tumbo lake limejaa.

Tumia kikombe kilichochemshwa, si biberoni. Kikombe ni rahisi kusafisha.

Na mama aendelee kukamua, hata kidogo. Mara nyingi kopo ni daraja la juma moja ao mawili, si makao.

Tuhesabu pamoja, kama darasani. Kopo la grama 400 linatoa karibu lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 2 anakunywa karibu mililita 320 kwa siku: kopo litakwisha kwa siku 9. Akifika kilo 5, atakunywa karibu mililita 750: kopo litakwisha kwa siku 4, yaani makopo 7 ao 8 kwa mwezi. Kila mmoja aweke hapo bei ya duka la dawa la mtaa wake, na aongeze makala ya kuchemsha maji. Tuhesabu mbele ya kununua kopo la kwanza, si mbele ya kununua la tano, wakati titi limekwisha kukauka.

Juu ya maziwa ya jirani: katika nchi zingine hospitali zinakusanya maziwa ya wamama, zinayapima na kuyapasha moto ili kuua vijidudu. Lakini kumnyonyesha mtoto kwa siri kwa mama mwingine kunaweza kumletea virusi vya SIDA. Na mama mwenyewe aliye na virusi hivyo, ikiwa anakunywa dawa zake kila siku bila kukosa, anaweza kunyonyesha. Aongee na dokta, asiamue peke yake kwa woga.

Kazi ya kundi

Mara nyingine mama anaruhusiwa kutoka na mtoto anabaki. Nyumbani kuna watoto wengine, kuna vyombo, kuna soko. Kukamua mara 8 kwa dakika 30 ni saa 4 kwa siku. Nani atampa saa hizo? Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapendekeza kila kundi, pamoja na likelemba yake, lipange mambo manne kwa mama wa namna hiyo: mtu wa kuchota maji na kupika kwa zamu, mtu wa kuangalia watoto waliobaki, pesa kidogo ya pikipiki ya kupeleka maziwa hospitali, na mama mmoja aliyepitia njia hiyo, wa kumfundisha kukamua na kumtuliza usiku. Bwana naye aambiwe wazi: kumpa mke wake uji, maji ya kunywa na usingizi ndiyo namna yake ya kumlisha mtoto.

Hata mtoto akirudi nyumbani, tuangalie tumbo linalovimba, matapishi ya kijani, damu katika choo, mwili wa baridi ao mtoto anayeacha kunyonya. Tukiona moja ya hayo, tusingoje asubuhi, tusiende kwanza kutafuta majani. Ni hospitali saa ileile.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila kundi lilete jina la mama mmoja aliyewahi kukamua kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo na anayekubali kuitwa. Tutaandika orodha na kuitia katika daftari la ushirika, ili siku binti wa mmoja wetu atakapojifungua kabla ya wakati, tujue mlango gani wa kubisha usiku uleule.