Vidonge vya Ganzi ya Miguu: Kabla Hujauza Mtama wa Posho



Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazee wetu wenye kisukari wanatuuliza kila mara: je, vile vidonge vya antioksidanti vinavyouzwa sokoni Juba, na ambavyo wachuuzi wanatuletea mpaka hapa Gorom, vinaponya ganzi ya miguu? Unaambiwa vinasafisha damu na kufufua neva. Kopo moja ni pesa nyingi, na wapo waliouza mtama wa posho ili walipate. Watoto wakalala na uji mwepesi.

Kwanza ganzi yenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu neva, yaani mishipa ya fahamu, pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu huumia mapema, ndiyo maana mambo huanzia vidole vya miguu yote miwili: kuchomachoma kama sindano, kuwaka moto usiku, halafu ganzi. Karibu nusu ya wenye kisukari hupatwa na shida hii kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa hivyo vidonge. Hoja yake si ya kuokota njiani. Sukari nyingi huufanya mwili utoe kemikali kali zinazokula seli kama kutu inavyokula bati, na antioksidanti huzizuia. Inayosifiwa zaidi ni asidi ya alfa-lipoiki, ambayo Ujerumani imetumika miaka mingi. Mwaka 2006 utafiti wa wiki 5 ulionyesha maumivu yamepungua, watu wakafurahi. Lakini utafiti wa miaka 4 wenye wagonjwa 460, uliochapishwa mwaka 2011, haukufikia lengo lake kuu. Mwaka 2024 Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, likasema kwamba baada ya miezi 6 nafuu yake huenda ni ndogo mno au haipo kabisa.

Basi tunasema wazi: usinunue kwa pesa ya chakula wala ya dawa. Mwenye pesa ya ziada amwulize daktari kwanza, maana mara chache alfa-lipoiki inaweza kushusha sukari vibaya, na vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva. Kopo lisiloandikwa kilichomo, liache hapohapo.

(Na karkadee je? Kweli ina antioksidanti, ila karkadee ya Juba jamani tunaijua, nusu maua nusu sukari. Inywe bila sukari.)

Ipo vitamini moja tunayoitetea, nayo ni B12. Metifomini, kidonge cha sukari ambacho wengi wetu tunameza, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi ileile. B12 iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtama na maharage havina. Kwa hiyo anayemeza metifomini huku akila posho peke yake ana sababu mbili za kuuliza. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuipima B12 kwa wagonjwa kama hawa. Ukifika kliniki sema umetumia metifomini miaka mingapi, na ganzi imeanza lini. Lakini usiiache metifomini kwa uamuzi wako.

Kinacholinda neva kuliko kopo lolote ni sukari kutulia. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulionyesha mwaka 1993 kwamba wenye kisukari cha kutegemea insulini waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya neva kuharibika kwa asilimia 60. Kwa kisukari cha watu wazima faida ni ndogo zaidi, ila ipo.

Halafu miguu. Mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa joto lililotazamiwa kufika digrii 45. Siku kama hizo mchanga unaunguza, na mwenye ganzi hana habari mpaka aone malengelenge. Usitembee pekupeku hata kwenda chooni. Kung'uta viatu na upapase ndani kwa mkono kabla ya kuvaa. Maji ya kuogea yapime kwa kiwiko, kausha katikati ya vidole, na usiote moto kwa miguu karibu na jiko la mkaa. Sugu usizikate kwa wembe. Kila jioni nyayo zitazamwe. Kama bibi hawezi kuinama, mjukuu ashike tochi amtazamie. Hapo mtoto anafanya kazi ya daktari! Kidonda hata kidogo kipelekwe kliniki siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya posho. Mwombe jirani akushikie foleni.

Kwa wale ambao moto wa miguu unawanyima usingizi, kuna vidonge vya bei nafuu viitwavyo amitriptilini, ambavyo humezwa jioni kwa dozi ndogo. Haviponyi neva, vinapunguza maumivu. Vinaleta usingizi na kukausha mdomo, na mwenye shida ya moyo au ya mkojo kuziba amweleze daktari kabla hajaanza.