Giaboksi ya Magurudumu Manne katika Gari Dogo: Nguvu Hutokea Wapi?

Mwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele anapoharibikiwa na giaboksi, huweza kuambiwa na muuza vipuri kwamba ya aina yake imekwisha, ila ipo ya gari lile lile la "fowili", yaani linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Matundu ya bolti za kuifungia kwenye injini yanalingana, bei inapatana, na fundi anasema itaingia. Mwingine gari lake ni zima, lakini aionapo giaboksi hiyo huwaza kwamba akiifunga, gari lake nalo litapanda vilima vya matope. Watu hawa wawili wanauliza swali moja kwa njia mbili: nguvu ya injini ikishaingia katika giaboksi hiyo, hutokea wapi?

Kwamba vipuri hivyo vinapatikana kwetu si ajabu. Magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda huletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na Japani ina sehemu zenye theluji nyingi, kama vile kisiwa cha Hokkaido. Kwa ajili ya wateja wa huko, viwanda huunda gari dogo lile lile kwa namna mbili, moja la kuvutwa kwa mbele na jingine la kuendeshwa kwa magurudumu manne.

Katika gari dogo la kawaida la siku hizi injini imelazwa kwa upana wa gari, na giaboksi imefungwa kwenye ncha yake. Mpango huo ulionekana katika gari la Autobianchi Primula mwaka 1964. Ndani ya giaboksi hiyo, baada ya gia zenyewe, kuna krauni ya difrensha, ambayo mafundi wetu huiita difu. Kutoka hapo ekseli mbili fupi huelekea kwenye magurudumu ya mbele. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa mwendo usio sawa wakati gari linapokata kona. Yafaa msomaji akumbuke sifa yake moja: difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha kwa mafungu yanayofuatana daima. Upande mmoja ukikosa kabisa kitu cha kuukaza, nao upande wa pili hupata sifuri. Ndiyo sababu gari lililonasa huzungusha tairi moja kwenye tope huku lingine, lililo juu ya ardhi kavu, limesimama kimya.

Sasa tuifungue giaboksi ya magurudumu manne. Tutakuta mojawapo ya mipango miwili, ambayo kwa nje haitofautiani sana.

Mpango wa kwanza ni ule wa Honda CR-V ya kwanza, iliyotolewa Japani mwaka 1995, gari lenye undugu wa karibu na Honda Civic. Hapo krauni ya difu ya mbele huzungusha pia gia nyingine iliyo katika kijumba cha pembeni kiitwacho transfa. Ndani ya transfa gia mbili zenye umbo la pia hugeuza mzunguko kuelekea nyuma, na propela shafti huupeleka kwenye difu ya nyuma. Huko nyuma kuna pampu mbili za mafuta, moja ikiendeshwa na propela na nyingine na magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakiteleza, pampu ya kwanza huizidi ya pili, shinikizo la mafuta hupanda, na klachi ya sahani nyingi hukamata. Katika mpango huu magurudumu ya mbele yameungwa na injini moja kwa moja. Ukiondoa propela na transfa, ukaziba tundu lake kwa kifuniko kisichovujisha mafuta, gari litakwenda kama gari lolote la kuvutwa kwa mbele. Mafundi wa nchi mbalimbali wamekwisha kuifunga giaboksi ya mkono ya CR-V katika Civic zenye injini ya jamii ya B, na ikafanya kazi.

Lakini si bila gharama. CR-V ilitoka kiwandani na tairi za 205/70 R15, ambazo mzingo wake ni kama mita 2.10. Tairi ya 185/65 R14 iliyo kawaida kwenye Civic ina mzingo wa kama mita 1.87. Giaboksi iliyopangiwa tairi ile kubwa, ikifungwa juu ya tairi hii ndogo, itailazimisha injini kuzunguka mara 12 zaidi katika kila 100 ili gari liende mwendo ule ule ambao CR-V ingekwenda. Kwa safari ndefu, hayo ni mafuta na kelele.

Mpango wa pili ni ule wenye difu ya kati, kama katika Mitsubishi Galant VR-4 ya mwaka 1987. Hapo nguvu haiendi kwanza kwenye magurudumu ya mbele. Huenda kwenye difu ya kati, na hiyo ndiyo huigawa baina ya mbele na nyuma. Kiwanda cha Lancia kilifuata njia hiyo kilipoligeuza gari lake dogo la Delta, ambalo lilianza mwaka 1979 likiwa la kuvutwa kwa mbele, kuwa Delta HF 4WD mwaka 1986: asilimia 56 ya nguvu mbele na 44 nyuma. Wazee wa mashindano ya Safari Rally wanakumbuka jinsi Miki Biasion alivyoshinda mwaka 1988 na 1989 kwa Delta Integrale iliyotokana nalo.

Mtu akiifunga giaboksi ya namna hii bila propela, hukutana tena na ile sifa ya difu. Tundu la nyuma halina kinachokaza, hivyo nguvu yote inakimbilia huko na shafti inazunguka bure. Dereva anatia gia, anaachia klachi, injini inanguruma, na gari halitoki. Katika zile zenye kiunganishi cha silikoni, kama Galant, gari huweza kujikokota kidogo, kwa sababu mafuta yale mazito huburuta sahani zake. Lakini yanachemka, na kiunganishi hakitadumu. Wapo mafundi wanaoichomelea difu ya kati ili isigawe. Gari hutembea, ila difu ya mbele sasa inabeba mzigo wote badala ya fungu lake. Na siku propela itakaporudishwa na mtu asiyejua habari ya kuchomelewa huko, mbele na nyuma vitakuwa vimefungana, na kila kona ya lami itazivuta tairi na meno ya gia.

Yule wa pili, anayetaka fowili kamili, ana kazi kubwa zaidi: kutafuta difu ya nyuma na ekseli zake, kukata sakafu ipite propela, kuhamisha tangi la petroli, kubadili springi. Hayo yote yanaonekana kwa macho. Kisichoonekana ni uwiano. Gia za transfa na krauni ya difu ya nyuma lazima zikamilishane hata magurudumu ya nyuma yazunguke sawasawa na ya mbele. Akitwaa difu ya gari jingine iliyopishana kwa asilimia 4 tu, kwa tairi ya mita 1.87 kila kilomita moja ni mizunguko 535, na tofauti ni mizunguko 21. Lazima ilipwe na kitu: tairi kusagika, silikoni kuchemka, au klachi kukamata bila kupumzika. Hata tairi mpya za mbele zenye kashata ya milimita 8, zikiambatana na za nyuma zilizobaki na milimita 2, hupishana kwa asilimia 2.

Basi kabla ya kulipa, mpango uliomo ndani waweza kupimwa pale pale dukani. Kama kuna mkono wa kufunga difu ya kati, hakikisha umefunguliwa. Ingiza gia ya kwanza. Chomeka vyuma katika matundu yote mawili ya ekseli za mbele, na watu wawili wavishike visizunguke. Kisha zungusha kwa mkono ile shafti inayoingia kwenye klachi. Ikikataa kabisa, hakuna difu ya kati. Ikizunguka, hata kama ni kwa uzito, na tundu la nyuma likazunguka pamoja nayo, difu ya kati imo.