Maiti Hajioshi

Kila anayetuandika sisi Wapemba huanza na uchawi. Mwingereza Evelyn Waugh alipita huku, na katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931 akakifanya kisiwa chetu chuo kikuu cha uchawi, ati wanafunzi wanafunga safari kutoka Maziwa Makuu kuja kusomea. Wageni wa leo nao hutaka kuonyeshwa mganga, na wakimkosa hutaka mchezo wa ng'ombe. Uganga upo kama ulivyo kwingine, na ng'ombe huchezwa. Anayependa aende akatazame.

Siku hizi yamezuka mengine. Mgeni anavuka kutoka Wete, anafika Fundo, kile kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe kilichojinyoosha mbele ya bandari, na jambo la kwanza kuliona ni mtoto akiushika mkono wa mtu mzima na kuubusu. Anaona kijana akipokea mzigo wa bibi asiyemjua, wakati maji yamepwa na abiria wanashukia mbali. Anaona mtu amechutama mbele ya wageni, birika mkono mmoja, beseni mkono wa pili, akiwanawisha mmoja baada ya mmoja. Basi jioni hukumu imeshatoka: watu hawa wamezoea kutawaliwa, haya ni mabaki ya utumwa.

Utumwa tunaujua kuliko anavyoujua yeye. Ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwezi wa Aprili 1897, na mwaka huohuo walifika Pemba Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wale wanaoitwa Makwekeri, akina Theodore Burtt, wakafungua shamba la Banani, jirani na Chake Chake, kwa ajili ya walioachwa huru. Hawa walikuwa watu wa ajabu kwa Waingereza wenzao. Wazee wao wa tangu zamani walikubali kutiwa gerezani kuliko kumvulia kofia hakimu, kwa sababu heshima ya namna hiyo, walisema, ni ya Mungu peke yake. Wao unyenyekevu wao ulikuwa katika kukataa kuinama. Wetu uko katika kuinama. Nadhani Burtt, kama angepata muda wa kukaa Fundo, angeelewa haraka kuliko mgeni wa siku mbili kwamba anayembusu mzee mkono hajauzwa kwa mzee huyo.

Mwalimu mmoja wa kutoka bara, Mkristo, mtu mwema sana, aliniuliza jambo hilo kwa adabu. "Mama, huku wazee mnawatii mno. Hamuoni kama mnajishusha?" Nikamuuliza na kanisani kwao hujishusha vipi. Akanieleza Alhamisi Kuu, padri anavyopiga magoti kuwaosha waumini miguu, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Alinikumbusha na Papa Francis, ambaye mwaka 2013, wiki mbili tu tangu achaguliwe, alikwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma akawaosha miguu vijana 12, akiwemo msichana wa Kiislamu. Picha zake zilienea dunia nzima. Nami sikuwa na la kupinga, ni jambo zuri. Nilimwambia tu kwamba Fundo mtu huoshwa mwili mzima, na picha hapana.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atazame, kwenye maziko. Adabu nyingine zote tunazosifiwa au kuchekwa kwazo ni matawi. Shina liko hapa. Mtu akifa, habari hutangulia jua. Wanaume wanaokwenda makaburini hawapangwi na mtu wala hawalipwi. Kila mmoja hubeba alichonacho, mtaimbo, sururu, jembe, beleshi. Na kuchimba kaburi kwenye jiwe la matumbawe si kazi ya kusimulia ukiwa umekaa. Unapiga mtaimbo, linabanduka pande la ukubwa wa kiganja, unampisha mwenzio. Ndani ya kaburi huchongwa mwanandani, mahali pa kulazwa mwenyewe, na aliye chini shimoni huwa hana cheo: ukimtazama kutoka juu unaona mgongo na jasho tu.

Nyumbani kuna ufuo. Zamani, kabla ya sakafu za saruji, kilichimbwa kishimo chumbani chini ya kitanda cha kuoshea, maji ya maiti yapate kuingia ardhini mle mle, yasitiririke uani watu wakayakanyaga. Mwanamume huoshwa na wanaume, mwanamke na wanawake, na bora zaidi awe mtu wake wa karibu anayejua kazi. Maiti hufunikwa kuanzia kitovuni hadi magotini. Mkono wa mwosha huingia chini ya nguo bila macho kufuata. Tumbo hubonyezwa polepole. Maji huwa ya majani ya mkunazi, na mkupuo wa mwisho hutiwa kafuri. Idadi ya mikupuo huwa witiri. Mkubwa wa ukoo aliyekuwa akiogopwa na watoto, aliyekuwa hapendi hata kuguswa kofia, siku hiyo hugeuzwa ubavu huu na ubavu ule kama mtoto mchanga, na wanaomgeuza ni wale wale aliokuwa akiwakemea.

Kisha kuna sharti ambalo ndilo naliona kubwa kuliko yote. Mwosha akiona kasoro katika mwili ule, kovu, kidonda, alama yoyote ya aibu, haruhusiwi kuitoa nje. Atakufa nayo. Kuna wanawake pale kisiwani wameosha nusu ya bibi zetu, na ukikaa nao barazani mwaka mzima hutasikia neno. Huo ndio utumishi ninaousema, ambao hata sifa yake imezibwa mdomo.

Na wala si hisani. Wanazuoni wetu wanaiita faradhi kifaya: wakisimama wachache kuosha, kukafini, kusalia na kuzika, wengine wote wamesalimika, asiposimama hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Ndiyo maana jeneza likitoka nyumbani hugombaniwa. Mtu hulipa bega hatua chache, wa nyuma yake anapokea, naye anazunguka kwenda mbele apate tena. Sheha atakuwa mle, mwalimu wa skuli mle, na mvuvi aliyerudi alfajiri kutoka dago akiwa bado ananuka samaki, yumo.

Hitima nayo ina adabu zake. Jirani ndio wanaopika, kwani wafiwa siku zile hawawashi moto. Nimewaona wenye maduka Wete, watu wa magari, wamekunja kanzu wakipakua wali kwa upawa na kupita na masinia, kisha wakala wa mwisho, ukoko.

Nitaulizwa habari za utii wa mke kwa mume. Hilo liko kila dini na kila dini ina wa kulitumia vibaya. Wanawake wa Fundo wanaochokoa pweza mwambani na kushika fedha zao wenyewe hawahitaji mimi kuwasemea. Na kumchotea maji mwalimu wa chuo cha Kurani, na yale mengine yaliyokuwa yakizidi kiasi, yakifa sitayalilia.

Ninachokililia kinakufa kwa mkono wetu. Sakafu ya saruji haichimbiki, ufuo umekwisha. Sawa, hilo ni jengo. Lakini vijana wamehamia Unguja, Dar es Salaam, Maskati, na msiba ukitokea hutuma ubani kwa simu. Fedha inafika kabla ya sanda kukatwa, nami sikatai, inasaidia. Ila hayo mapande ya matumbawe lazima yabanduliwe na mtu aliyepo, na waliopo wana miaka sitini. Mijini wameanza kukodi wapishi, na chakula cha hitima kinatiwa kwenye viboksi, kila mtu na chake. Hakuna sinia, hakuna birika, hakuna wa kuchutama. Wanaoleta mtindo huu wanasema ni usafi na nafuu kwa wafiwa. Huenda. Mimi naona umemwondolea tajiri nafasi pekee aliyobaki nayo ya kumtumikia maskini.

Na hata hayo si mabaya kama lile ambalo hatupendi kulisema mbele ya wageni. Baada ya uchaguzi wa 1995 Wapemba tulisusiana. CUF hakumzika CCM, CCM hakumzika CUF. Watu walipita msiba wa jirani wakaangalia upande wa pili, duka la huyu yule hanunui. Tukapatana, tukavunja, yakaja maridhiano ya Novemba 2009 na serikali ya umoja wa kitaifa ya 2010, watu wakarudi kwenye maziko. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ukaturudisha palepale. Hakuna mgeni aliyetufundisha hilo, wala mkoloni. Tuliichukua faradhi ya mji mzima tukaifanya kadi ya chama, na walikuwepo wenye elimu ya dini walionyamaza.

Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi, alizikwa kwao Mtambwe, ng'ambo tu ya Fundo. Walikuja viongozi wa vyama na wa serikali, umati hauna idadi, na watu walisema tumepona. Mimi sijashawishika. Kwenye maziko ya mtu mkubwa kila mtu anataka aonekane ameshika jeneza. Waliosusiwa mwaka 2016 walikuwa wachokoa pweza na wakata makuti, na wengi wao walizikwa na watu wa nyumba moja, wakati majirani wenye sururu walikuwa wamekaa barazani, wazima wa afya, wanasubiri adhuhuri.