Masharti Kwanza, Shindano Baadaye

Kama ilivyo desturi, kiongozi wa kila kikundi na aketishe watu wake, na karani awe na karatasi na kalamu tayari, kwa kuwa mwishoni yapo maswali ya kuzungumza.

Leo tutaeleza habari za mashindano ya vijana wanaotengeneza michezo ya kompyuta na ya simu. Labda mzee mmoja atauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Watoto wetu wanaingia katika mashindano hayo, na sisi ndio tunaoombwa kutoa ukumbi, kutafuta zawadi, na mara nyingine kuwa waamuzi. Tena jambo lenyewe, yaani masharti ya haki, ni lile lile katika shindano la ngoma, la insha au la mazao.

Tuanze na bao. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64. Kabla ya kuanza, wachezaji hukubaliana kama watacheza bao la kujifunza au bao la Kiswahili, kwa sababu namna hizo mbili hazianzi sawa. Wasipokubaliana, kila mmoja atacheza lake, na ugomvi utatokea katikati ya mchezo. Kijana anayetunga mchezo wa kompyuta yuko katika hali hiyo hiyo, ila yeye hamwoni mwenzake wala mwamuzi. Anachokiona ni karatasi ya masharti tu. Karatasi hiyo ni ahadi.

Sasa nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliitwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika shindano la vijana. Karatasi ilisema mchezo uwe mpya, na uwe kazi ya washindani wenyewe. Wasichana wawili, wanafunzi wa shule iliyo nje ya mji, walileta mchezo wa mkulima anayewahi kufikisha viazi sokoni kabla ya mvua. Walikuwa wakipata kompyuta saa mbili tu kila siku baada ya masomo. Kila picha waliichora wenyewe, na sauti ya mvua waliinasa chini ya bati la darasa. Kikundi kingine cha wavulana kilichukua picha na muziki uliokwisha kutengenezwa na watu wengine, kwa ruhusa ya wenyewe, kikaviunganisha kwa ustadi. Mchezo wao uling'aa, nasi tukawapa zawadi ya kwanza.

Baadaye msichana mmoja alinijia kwa adabu akaniuliza kama picha zilizochorwa na mtu mwingine ni kazi ya washindani wenyewe. Nikaisoma tena karatasi, nisione jibu. Wavulana hawakudanganya, wala wasichana hawakukosea. Tuliokosea ni sisi. Hapo nilijifunza jambo moja ambalo nataka mlikumbuke: sharti lisilo wazi humwumiza yule anayelitii kwa uaminifu zaidi. Wale wasichana walilisoma sharti kwa maana yake iliyo ngumu, wakatumia majuma mazima kuchora, na wenzao waliolisoma kwa maana iliyo nyepesi wakatumia muda huo kupamba mchezo.

Je, jambo hili laweza kutengenezwa? Laweza. Liko shindano liitwalo Ludum Dare, lililoanzishwa mwaka 2002, ambalo watu wa nchi nyingi wamelishiriki kwa njia ya intaneti. Masharti yake yaliwagawa washindani mafungu mawili. Katika fungu la kwanza mtu hufanya kazi peke yake kwa saa 48, na picha na sauti zote lazima azitengeneze yeye ndani ya muda huo. Katika fungu la pili watu huweza kuungana, wakapewa saa 72, na vitu vilivyo tayari huruhusiwa. Lakini asiyechora picha zake hutakiwa ajitoe katika alama za picha. Tazameni busara hiyo: hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyepata alama kwa jasho la mwingine.

Mfano wa pili ni shindano la js13kGames, lililoanza mwaka 2012. Humo mchezo wote, ukiisha kufungwa katika faili moja, usizidi kilobaiti 13. Sharti hilo halihitaji mabishano, maana kila mtu aweza kulipima mwenyewe kabla ya kutuma kazi yake.

Siku hizi limezuka jambo jingine, nalo ni programu zinazochora picha kwa kuelezwa kwa maneno tu. Mwaka 2022, katika maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, bwana Jason Allen alishinda zawadi ya dola 300 katika fungu la picha za kompyuta. Picha yake aliitengeneza kwa programu iitwayo Midjourney, na jina la programu alikuwa amelitaja. Wachoraji wengi walikasirika, lakini masharti hayakukataza, na ushindi wake haukufutwa. Lile lilikuwa shindano la picha, lakini mchezo wa kompyuta nao una picha ndani yake. Basi anayetayarisha shindano leo na aandike waziwazi: programu hizo zaruhusiwa, au haziruhusiwi, au zaruhusiwa ikiwa mshindani atazitaja.

Jambo la muda nalo lina mtego. Tangazo likisema mwisho ni "saa 12:00", mtu wa Makambako aweza kufahamu saa kumi na mbili jioni, na jirani yake akafahamu saa sita mchana, au hata saa sita usiku. Afadhali kuandika saa kwa maneno, pamoja na siku na tarehe. Na ikiwa shindano latoka ng'ambo, kumbukeni ya kuwa saa za Greenwich ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu: saa sita ya usiku huko ni saa tisa ya usiku kwetu. Tena isemwe mapema itakuwaje umeme ukikatika.

Kisha kuna alama na umiliki. Alama zigawanywe kabla kazi haijaonwa: ngapi za wazo, ngapi za picha, ngapi za urahisi wa kucheza. Mwamuzi mwenye ndugu au mwanafunzi wake shindanoni asimhukumu. Kuhusu umiliki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania inalinda programu za kompyuta pamoja na kazi nyingine za ubunifu. Kwa hiyo, mzazi, kabla mtoto hajatia sahihi, soma kama karatasi inasema kazi zote zitakuwa mali ya mwenye shindano, hata za walioshindwa. Sharti la namna hiyo humfanya kijana atoe mali yake kwa bei ya bahati nasibu.

Mwisho, sharti likiisha kutangazwa lisibadilishwe njiani. Likionekana lina kasoro, waelezwe washindani wote kwa siku moja, nao waongezewe muda. Swali la mmoja lijibiwe mbele ya wote. Na kijana asiyeelewa na aulize kabla ya kuanza kazi, wala asione haya.

Haya, karani, andika maswali ya leo:

1. Katika shindano lililofanyika kijijini kwenu, sharti gani halikuwa wazi, na nani aliumia?

2. Kama mngekuwa waamuzi pamoja nami siku ile, mngefanya nini baada ya swali la msichana yule?

3. Andikeni masharti matano ya shindano moja la vijana wenu. Mpeni mtu asiyekuwapo ayasome, kisha awaeleze alivyofahamu. Akifahamu vingine, andikeni upya.