Fistula: Daktari Sims na wasichana watatu ambao historia ilitaka kusahau

Huku mashariki mwa Kongo watu wengi wamesikia neno fistula. Wengine wanaijua kwa jina la «ugonjwa wa kutokwa na mikojo». Mwanamke anavuja mikojo usiku na mchana, pengine na choo kikubwa pia. Nguo zinalowa, harufu inabaki, majirani wanaanza kusema, na mara nyingi bwana anamrudisha kwao.

Leo ugonjwa huu unapasuliwa na mwanamke anapona. Lakini njia ya kuupasua ilijulikana namna gani? Jibu liko Marekani, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, karibu miaka 180 iliyopita. Liko na daktari mmoja mwenye sifa kubwa, na wasichana watatu weusi waliokuwa watumwa: Anarcha, Lucy na Betsey.

Fistula inatoka wapi?

Mtoto akikwama wakati wa kuzaliwa, kichwa chake kinabana nyama ya mama kwenye mifupa ya nyonga. Damu haipiti tena pale. Uchungu ukiendelea siku mbili ao tatu, ile nyama inakufa. Kiisha siku chache inaoza na kuanguka, inaacha tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mikojo, ao kati ya njia ya uzazi na njia ya choo kikubwa. Mara nyingi mtoto naye anakuwa amekwisha kufa.

Hakuna uchawi ndani yake, wala si malipo ya uzinzi. Ni uchungu uliokawia bila msaada. Huku kwetu vita vimeongeza sababu nyingine: kuna wanawake na hata watoto wa kike walioipata kwa kubakwa kwa ukatili.

Nani alikuwa Sims?

James Marion Sims alizaliwa tarehe 25 Januari 1813 katika jimbo la South Carolina. Alimaliza masomo ya udaktari Philadelphia mwaka 1835, akarudi kwao kuanza kazi. Mambo hayakuenda vizuri: wagonjwa wake wawili wa kwanza, watoto wachanga, walikufa wote. Alivunjika moyo, akahamia Alabama, na mwishowe akakaa Montgomery. Kule mashamba ya pamba yalikuwa yanalimwa na watumwa, na daktari alikuwa anaitwa kuwatibu kwa malipo ya mabwana wao.

Mwanzoni Sims hakupenda kabisa magonjwa ya wanawake. Lakini mwaka 1845 aliitwa kwa Anarcha, msichana wa miaka karibu 17, aliyekuwa na uchungu kwa siku tatu. Sims alimtoa mtoto kwa vyuma. Siku chache baadaye Anarcha alianza kuvuja mikojo na choo. Muda si mrefu, akaletewa Betsey na Lucy, wote na shida ile ile. Kwanza Sims alisema hakuna dawa.

Kijiko na uzi wa feza

Kisha akaitwa kwa mama mmoja mzungu aliyeanguka kutoka kwenye farasi, na kizazi chake kikasogea. Sims alimwinamisha kwa magoti na viwiko, na akaona kwamba namna ile hewa inaingia na kupanua njia ya uzazi. Akawaza: kumbe lile tundu la fistula linaweza kuonekana! Alinunua kijiko, akakikunja, akakijaribu kwa Betsey. Kile kijiko ndicho kilichozaa chombo ambacho madaktari wa wanawake wanaendelea kutumia mpaka leo kwa kuangalia ndani.

Sims alijenga hospitali ndogo nyuma ya nyumba yake. Akapatana na mabwana wa wale wasichana: yeye atawalisha na kuwatunza, wao watalipa kodi na nguo. Mapatano yalifanyika kati ya wanaume wazungu.

Lucy ndiye aliyepasuliwa wa kwanza, mbele ya madaktari karibu kumi na wawili waliokuja kutazama. Alikuwa amepiga magoti, bila dawa ya usingizi, kwa saa nzima. Sims aliacha sponji ndani ili inyonye mikojo, na ile ikaleta homa kali na sumu katika damu. Lucy karibu afe, na ilimchukua miezi kupata nafuu. Sims mwenyewe aliandika kwamba mateso yake yalikuwa makali sana.

Iliendelea hivyo miaka karibu minne. Tundu linashonwa, linafunguka tena. Madaktari wenzake walichoka wakaondoka. Basi wale wasichana wenyewe ndio wakawa wasaidizi: huyu amelala kwa meza, wengine wanamshika na kupana vyombo. Walikuwa wagonjwa, na papo hapo walikuwa wauguzi.

Mwishowe Sims aliacha uzi wa hariri, uliokuwa unaleta usaha, akatumia uzi mwembamba wa feza. Mwaka 1849 alimpasua Anarcha mara ya 30. Safari hii tundu likafunga.

Sifa upande mmoja

Mwaka 1852 Sims aliandika juu ya kazi hiyo katika gazeti la madaktari. Hakuwa wa kwanza kabisa: daktari Mettauer wa Virginia alikuwa amefaulu kufunga fistula mwaka 1838. Lakini njia ya Sims ndiyo iliyoenea. Alihamia New York mwaka 1853, na mwaka 1855 hospitali ya wanawake aliyoipigania ikafunguliwa. Alisafiri Ulaya, akatibu mpaka mke wa mfalme Napoleon wa 3 wa Ufaransa. Mwaka 1876 alikuwa mkubwa wa chama cha madaktari wa Marekani. Alikufa tarehe 13 Novemba 1883, na mwaka 1894 wakamsimamishia sanamu New York. Watu wakamwita baba wa udaktari wa wanawake.

Na wale watatu? Maneno yao hayakuandikwa na mtu.

Je, walikubali?

Hapa ndipo mabishano yako. Wanaomtetea Sims wanasema dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Boston mwezi wa 10 mwaka 1846, wakati yeye amekwisha kuanza, na kwamba wasichana walikuwa wanateseka na walitaka kupona. Sims mwenyewe aliandika kwamba walikubali.

Wengine wanajibu: aliendelea kupasua bila dawa hiyo hata baada ya kujulikana, akisema maumivu ya operesheni ile hayastahili hatari ya kulalisha mgonjwa. Alikuwa anawapa afyuni, lakini kiisha operesheni. Na zaidi ya yote, mtumwa anakataa namna gani? Ruhusa iliyohesabiwa ilikuwa ya bwana wake. Tunalo neno la Sims tu.

Mwezi wa 4 mwaka 2018, mji wa New York uliondoa ile sanamu. Mwaka 2021, kule Montgomery, msanii Michelle Browder alisimamisha sanamu za Anarcha, Lucy na Betsey wenyewe.

Na huku kwetu?

Mwaka ule ule wa 2018, Dokta Denis Mukwege wa Bukavu alipewa zawadi ya amani ya Nobel. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, imepasua wanawake wengi wenye fistula. Goma nako, hospitali ya HEAL Africa inafanya kazi hiyo.

Leo mgonjwa anapewa dawa ili asisikie maumivu. Kiisha anawekewa mpira mwembamba wa kutoa mikojo kwa siku kadhaa, ili kidonda kikauke. Pengine inahitaji kupasuliwa zaidi ya mara moja. Na mgonjwa iko na haki ambayo Anarcha hakuwa nayo: kuelezwa kwa luga anayosikia watamfanya nini, kuuliza, na kukataa.

Kwa mwenye mimba, ajifungulie kwenye kituo cha afya. Uchungu ukikawia, familia isingoje siku ya pili; atafutiwe pikipiki ao kipoyi apelekwe hospitali. Na kwa mama anayejificha nyumbani kwa sababu ya kuvuja, hata kama ni miaka mingi, aende aonane na muuguzi wa kituo cha karibu, amwelekeze kwa wanaopasua fistula. Ugonjwa huu unapona.